Dodoso la Watu Saba Halina Siri

Mwisho wa mwaka ukikaribia, madodoso huanza kumiminika maofisini: kwa kipimo cha 1 mpaka 5, unaridhika kiasi gani na kazi yako? Halina jina, tunaambiwa. Kwenye timu ya watu saba iliyobanana ghorofani Kijitonyama, ambako anayetengeneza programu za Android ni mmoja tu, na swali la pili linakuuliza uko kitengo gani, jina la nini tena? Watu wanajaza 4. Bosi anafurahi, pilau linaagizwa, ikifika Machi wawili wameshaaga.

Sisemi tusipime. Mwaka 2021 watafiti Nicole Forsgren, Margaret-Anne Storey na wenzao walitoa mfumo wa SPACE wa kutazama tija ya watengeneza programu. Kati ya mambo yake matano, kuridhika na ustawi wa mtu ndilo la kwanza, na walionya tusitegemee kipimo kimoja. Sisi tumechukua kimoja, tena kile ambacho watu hukijibu kwa adabu.

Mimi ningeuliza yale ambayo mtu hataona haya kuyataja. Kazi yako hukaa muda gani ikisubiri mwenzako aipitie? Wiki hii umeamshwa usiku mara ngapi kwa sababu malipo ya simu yamekwama? Mengine hayahitaji hata kuulizwa, yamo kwenye kumbukumbu za mfumo. Naijua timu moja ambako simu zote za usiku zilikuwa zinamwangukia kijana mmoja, kwa vile ndiye aliyeandika sehemu ya malipo, na kukataa hawezi. Walipoziorodhesha waliona aibu wenyewe. Zikapangwa zamu, zikawekewa posho, na aliyeamshwa usiku haingii ofisini kabla ya saa tano.

Kuhusu mshahara, mabosi wanampenda sana mwanasaikolojia Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959 aliuweka katika mambo yanayokera yakikosekana lakini yasiyompa mtu ari yakiwepo. Wanakariri nusu ya pili tu. Mshahara wa tarehe 28 ukiingia tarehe 9, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, usiniletee kiti cha kuzunguka. Wala fulana.

Kwa hiyo kabla ya kutuma dodoso jipya, wekeni kwenye grupu la ofisi malalamiko ya mwaka jana, na mbele ya kila moja kilichofanyika. Pakiwa patupu, dodoso lisubiri.