Samahani Mzee, Hapo Pana Mtu

Mimi na maktaba ya chuo chetu tunajuana. Kuanzia wiki ya kwanza ya muhula mpaka ya kumi na mbili, pale ghorofa ya pili, dirishani, chini ya panga boi linalolia krii-krii, pana kiti ambacho kwa sasa kimeshachukua umbo langu. Nafika saa tisa alasiri nikitoka kufundisha, nafungua kitabu ukurasa wowote, naweka miwani juu yake, nalala. Hakuna wa kunisumbua kwa sababu hakuna mtu. Tupo mkutubi, mimi, na mjusi mmoja wa kwenye rafu ya falsafa. Amani kama ile kwangu haipo. Kwangu kuna watoto wanne, na jirani aliyenunua spika kwa mkopo anaona akinyamaza siku moja hela imepotea.

Ikaingia wiki ya kumi na tatu. Ratiba ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ikabandikwa. Umma wote ukakumbuka kwamba kumbe chuo kina maktaba.

Jamani, walikuwa wapi hawa? Foleni imetoka nje mpaka kwenye kibanda cha stesheneri. Kijana wa mwaka wa tatu, wa tatu nakwambia, anamuuliza mlinzi, "Samahani, maktaba ndiyo hapa?" Miaka mitatu amekuwa akipita pale akidhani ni benki.

Na huyo mlinzi naye tuna yetu. Mwenzenu nina miaka 47, mvi zimeshafika masikioni, navaa suruali ya kitambaa na shati la kuchomekea, ndivyo walimu wa shule ya msingi tulivyo. Muhula mzima nikipita pale mlangoni ananyanyuka: "Shikamoo dokta." Naitika marahaba. Sikuwahi kumsahihisha, mtu akikupa heshima bure unaikataa ya nini? Sasa kipindi cha mitihani wanakagua vitambulisho. Akakigeuza changu mbele na nyuma, akanitazama.

"Kumbe na wewe ni mwanafunzi?"

"Ndiyo."

"Begi kaweke kule nje na wenzako."

Udokta wangu umeishia pale. Kesho yake hata shikamoo nayo sikuiona.

Nikapanda ghorofa ya pili. Kiti changu kipo, kitupu. Nikamshukuru Mungu, nikakivuta, kabla sijakaa binti mmoja wa meza ile akatoa spika za masikioni.

"Samahani baba, hapo pana mtu."

Nikatazama vizuri, labda ni macho. Pale mezani kuna chupa ya maji, ya nusu lita, imenywewa funda kama mbili hivi, kizibo cha bluu.

"Mtu gani, mwanangu?"

"Ameenda kula mara moja."

Saa tatu kasoro asubuhi. Haya, kula si dhambi. Nikazunguka ghorofa nzima. Kiti hiki kina daftari, kile kina kapelo, kile kina chaja haina simu. Kuna kiti cha pembeni kabisa kilikuwa kimeshikwa na kalamu moja. Kalamu ya shilingi mia tatu, haijasajiliwa, haijalipa ada, haina hata namba ya mtihani, imepata pa kukaa. Mimi mwenye mke na risiti za benki nimesimama.

Nikaamua kupigia msuli, yaani kujisomea, palepale kwenye rafu, wima, kama mtu anayesubiri daladala. Ukisimama sana kwenye rafu utaanza kusoma migongo ya vitabu, upende usipende. Chuo chetu kinapanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ule wa herufi. Mimi nasomea Kiswahili, na Kiswahili kinakaa PL 8701 mpaka 8704. Hiyo PL, kwa taarifa yenu, ndimo wamepangwa Wajapani, Wakorea, Wachina, na sisi wa Afrika pia humohumo, kama abiria wa mwisho waliopakiwa gari la mwisho. Mchina anaanzia 1001, karibu na dereva. Sisi tuko elfu nane na ushei. Mzulu yuko 8841, ananing'inia mlangoni na konda. Na Kiswahili chote, sarufi, kamusi, tenzi, riwaya, kimepewa namba nne. Ukoo mzima wa pwani na bara, nyumba ya vyumba vinne. Ndiyo maana kinasukumana na kutoa vipointi na vikia vya herufi mpaka mgongo wa kitabu unafanana na tokeni ya umeme wa LUKU.

Kitabu nilichokitaka sikukiona. Kompyuta inasema kipo rafuni. Rafuni kuna vumbi lenye pengo la umbo la kitabu. Nikamfuata mkutubi, dada mmoja mpole ambaye wiki ile alikuwa ameulizwa "choo kiko wapi" mara nyingi kuliko kitabu. Akapekua orodha za nje, akacheka.

"Mzee, kipo Washington."

Nikadhani ananitania. Kumbe wale Wamarekani wa Maktaba ya Bunge wana ofisi yao Nairobi tangu 1966, kazi yake ni kununua vitabu vya ukanda huu na kuvisafirisha. Yaani kitabu kimeandikwa Dar es Salaam, kimechapwa Dar es Salaam, kimepanda ndege kwenda kukaa kwenye kiyoyozi, mimi mwenye lugha yangu niko hapa natazama vumbi.

"Ila hata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watakuwa nacho," akasema. "Nenda East Africana, kile kitengo chao cha vitabu vya Afrika Mashariki, nikuandikie barua."

Nikaenda. Sina ubaya na Mlimani, ile maktaba yao mpya iliyofunguliwa 2018 ukiingia unatamani uvue viatu. Imejengwa kwa msaada wa China na ina nafasi ya vitabu 800,000. Nikasema moyoni, si bure tumepangwa rafu moja na hawa watu, jirani wa PL kaja kutujengea. Chuo hicho kina hata miswada ya zamani ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, tenzi zilizokusanywa pwani nyumba kwa nyumba, na orodha yake ilichapwa 1970. Ilichapwa wapi? Leiden, Uholanzi. Nikaanza kuona hiki Kiswahili kina pasi ya kusafiria na mimi sina. Lakini kitabu changu nilikipata, nikasoma saa mbili mfululizo, tena nimekaa. Nilikaa, nakwambia. Mgongo ukauliza kuna nini.

Siku ya pili nikarudi chuoni kwetu. Chupa ipo palepale.

"Ameenda kusali," akasema binti.

Nikapima kwa jicho. Maji yako kiwango kilekile cha jana. Huyu mtu anakula, anasali, ila hanywi.

Basi nikawa nahudhuria semina za maktaba. Msinisifu, sikufuata elimu. Kila mwisho wa muhula wanabandika matangazo: semina ya kutafuta makala mtandaoni, semina ya kuandika marejeleo, semina ya hiki na kile. Watu hawaendi, wanasema wana madesa ya kusoma. Mimi niliona jambo moja tu kwenye lile tangazo: chumba cha semina kina viti arobaini.

Ya marejeleo ndiyo iliyonimaliza. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba ukitaja kitabu, andika na mji kilipochapwa. Nikashika. Utafiti wangu wote nikaandika "Dar es Salaam" na nukta mbili, "Dar es Salaam" na nukta mbili, kama konda wa basi la mkoani. Sasa mtoa mada anatuambia kwamba kwa APA, ule mtindo wa kuandika marejeleo tunaoufuata, toleo la saba la 2019, mji hauandikwi tena. Ulishafutwa siku nyingi. Nilitumia jioni nzima nafuta Dar es Salaam. Nimeifuta mara 38. Hata mvua za masika hazijawahi kuufanyia mji huu hivyo.

Halafu kuna ile programu ya kupima wizi wa kitaaluma. Nikapeleka kazi yangu kifua mbele, maana niliiandika mwenyewe usiku, taa ya simu, mke ameshanuna. Ikarudi na rangi nyekundu: asilimia 34 inafanana na kazi za watu. Nikatoka jasho. Nikafungua kuona nimeiba wapi. Nimeiba jina la chuo. Nimeiba "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania". Nimeiba "sura hii inajadili mbinu za utafiti". Na kile kilichonikalisha chini, kama kungekuwa na kiti, ni ukurasa wa pili, lile tamko la lazima ambalo chuo chenyewe ndicho kilichotupa tunakili neno kwa neno: natamka kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe na sijanakili popote. Tamko lote jekundu. Limenakiliwa.

Siku ya tatu chupa ipo.

"Ameenda kuoga."

"Tangu juzi?"

Binti akarudisha spika masikioni. Na mimi nimemuelewa, angekuwa mwanangu ningependa awe na msimamo vilevile, lakini asiniwekee mimi.

Siku hiyo nikaomba kitabu cha akiba, kile kinachotolewa saa mbili tu na hakitoki nje. Nakala ni moja, darasa letu tuko mia tatu. Nimesubiri kutoka saa nne mpaka saa kumi. Nikakipokea kwa mikono miwili kama maiti ya mtoto, nikaenda kusimama dirishani, nikafungua sura ya tano. Imetoka sura ya nne, inafuata ya sita. Katikati kuna ukingo ulionyooka kabisa, wembe mpya ule. Aliyefanya kazi ile ana mkono wa daktari wa upasuaji, sijui anatafuta nini kwenye kozi ya ualimu. Na mhadhiri alishatuambia kwa tabasamu, "Someni sana sura ya tano."

Jioni kulikuwa na mshauri nasaha, kaja kutuzungumzia msongo wa mitihani. Viti vipo, nikaenda. Akatuambia tulale vya kutosha. Nikanyoosha mkono nikamwambia mimi shida yangu ndiyo hiyo, mahali nilipokuwa nalala wamepachukua. Watoto wakacheka, akadhani nimefukuzwa hosteli, akaniandikia namba ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi. La pili akasema tusiwe na kinyongo na wenzetu. La tatu, na hili alilirudia mara mbili, tunywe maji ya kutosha, ubongo mkavu haushiki kitu.

Ya kiliransi, ile ya kuthibitisha hudaiwi kitu chuoni, sitaki hata kuyaongea. Kuna kitabu nilikiazima mwaka wa pili, wanasema sijakirudisha. Nimekitafuta, nimekikuta chini ya mguu wa friji, mke wangu, Mama Neema, anasema kikitoka friji linainama na maziwa yanamwagika. Tunaendelea na mazungumzo.

Siku ya nne ndiyo kesho yake nina karatasi ya kwanza. Nimeamka saa kumi usiku, nimepanda daladala ya kwanza, nimepanga foleni, nimeingia katika kundi la watu kumi wa mwanzo. Nikapanda ngazi mbilimbili, kwa goti hili. Ghorofa ya pili, dirishani: chupa ipo. Kizibo cha bluu. Imelala pale, imenitangulia. Binti naye yupo, sijui analala humo. Kabla hajatoa spika masikioni nikamuinulia mkono: najua, pana mtu.

Nikasimama. Saa mbili, saa nne, saa sita. Mchana umeme ukakatika, panga boi likasema krii, likanyamaza. Joto la Dar mnalijua. Shati limegandana na mgongo, herufi zinaogelea, sura ya tano sina, na bombani tunaambiwa maji yatatoka jioni. Nikakitazama kile kiti. Nikaitazama chupa. Nikamkumbuka mshauri nasaha.

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikafungua kizibo, nikanywa yote, ya moto kama chai, mpaka plastiki ikajikunja ikapiga kelele na meza nzima ikageuka. Nikaiweka chini kwa adabu, nikafungua daftari.

Haikupita nusu saa kijana mmoja akaja na begi la kompyuta, anahema, macho yanazunguka meza nzima.

"Samahani mzee, hapo si palikuwa na mtu?"

"Palikuwa naye," nikamwambia. "Nimemnywa."