Mitumba na malalamiko yaliyofika Washington

Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana mitumba iondoke sokoni ndani ya miaka mitatu, ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Mwaka mmoja baadaye, SMART, chama cha kampuni za Marekani zinazokusanya na kuuza nguo zilizokwishavaliwa, kilipeleka malalamiko kwa mwakilishi wa biashara wa nchi hiyo. Kilidai ajira 40,000 za Wamarekani zimo hatarini, kikataka ichunguzwe kama nchi zetu bado zinastahili AGOA, mpango ulioanza 2000 wa kuingiza bidhaa za Afrika huko bila ushuru.

Kenya ilirudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyopandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo. Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu ya AGOA.

Anayesema serikali zetu zilipigishwa magoti na kampuni ana hoja nzito. Waliowahi kupata mshahara kwenye viwanda vya nguo vya Urafiki, Mwatex au Mutex wanajua familia ngapi ziliishi kwa pamba. Ila mitumba haikuviua viwanda hivyo peke yake. Mashine zilichakaa, umeme ulikatika, uongozi ukayumba, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia zikamiminika. Mitumba ikizuiwa bila kurekebisha hayo, atakayejaza pengo ni mwenye kiwanda wa Asia, na pamba ya Shinyanga itaendelea kusafirishwa ghafi.

Halafu nenda soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, alfajiri, belo linapofunguliwa. Mwenye mtaji amelinunua likiwa limefungwa, hajui kama ndani kuna nguo za kuuzika au matambara. Nyuma yake wapo mbeba mzigo, mpiga pasi, fundi cherehani wa kupunguza viuno, machinga wa kutembeza mashati begani, na mama lishe anayewauzia chai wote hao. Yupo pia mzazi anayetafuta sweta la mtoto kwa pesa iliyobaki baada ya unga na kodi ya chumba. Kule Athi River, wanaoshona nguo za kuuzwa Marekani nao wangepoteza kazi kama Kenya ingeondolewa AGOA. Serikali zilikuwa zikipima familia kwa familia.

Kwa hiyo naamini kurudi nyuma kuliwaokoa wengi. Kinachoniuma ni kwamba muuza mitumba alinusurika kwa bahati tu: safari hii maslahi yake na ya kampuni za Marekani yalielekea upande mmoja. Chama kile kilikuwa na sheria ya kuegemea na ofisi ya kupokea malalamiko yake. Mpiga pasi wa Karume hakuwa na mlango kama huo Washington, na sijaona dalili kwamba alikuwa nao Arusha siku biashara yake ilipopangiwa kufa.

Suala la mitumba likirudi mezani, nataka kwanza ihesabiwe kazi inayotoka kwenye belo moja, kuanzia bandarini hadi kwa fundi cherehani, na hesabu hiyo iwekwe hadharani kabla ya wakuu kusaini chochote. Wauzaji na wafanyakazi wa viwandani wakae meza moja, wasikilizwe kabla ya mabalozi.