Ndiyo, ni mimi mwenye samaki wa sebuleni

Najua mmeshasikia. Shemeji alirusha kisa changu na baba mkwe mbele ya tangi la samaki kwenye grupu la ukoo juzi usiku, na kwa maelezo yake eti nililia. Sikulia. Macho yaliwasha tu.

Utafiti nilifanya miezi mitatu. Boulengerochromis microlepis, sikilidi (ukoo mmoja na sato na perege) wa Ziwa Tanganyika, alielezwa kisayansi mwaka 1899, ni nadra kumkuta kwenye tangi la mtu. Maji nilikoroga mwenyewe yafanane na ya ziwa: kila lita 20, kijiko kikubwa cha chumvi ya Epsom, kijiko cha chai cha baikabonati na kingine cha chumvi ya bahari. pH, kipimo cha asidi na alkali, ikapanda juu ya 8.6, joto nyuzi 25. (Mnaotaka kuanza: chujio liachwe wiki nne hadi sita bakteria wajijenge, la sivyo amonia, sumu ya kinyesi chao, itawaulia samaki.) Akaja kwenye mfuko wa oksijeni, sentimita 7, madoa meusi ubavuni. Mrembo!

Kila kitu nilitafuta kwa jina la Kilatini. Penye "urefu wa juu" niliparuka, nikakimbilia "rangi". Hata alipowameza wale sikilidi wadogo sita niliomwekea wamtoe upweke, nilijisemea ana hamu nzuri ya kula.

Juzi baba mkwe kafika kutoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mzee amevua maisha yake yote. Nikazima taa ya sebule, nikawasha ya tangi. Nikakohoa kidogo. "Baba, huyu anaitwa Bu-len-je-ro-kro-mis..."

Mzee akatoa miwani mfukoni. Akaifuta kwa kanzu. Akainama mpaka pua ikagusa kioo. Samaki naye akasogea, wakatazamana kama majirani wa zamani. Pampu inabubujika. Mimi bado naendelea, "ni adimu sana, baba, wenye naye ni wachache." Nasema hivyo kwa mtu wa Ujiji. Akanyanyuka taratibu, akanipita kama nguzo, akamgeukia binti yake.

"Mama, kuhe huyu mbona hamjamla?"

Shemeji akaanguka kochini. Mke wangu, mzaliwa wa Ujiji, ambaye kwa miezi minane nilimkataza hata kugonga kioo asimshtue samaki wangu, akaenda jikoni kuchekea huko.

Nikajitetea kwa habari ya maji na vipimo vya chumvi. Mzee akafurahi mno. "Kumbe mmeshaanza kumkoleza!"

Basi, yaliyobaki mafupi. Kuhe, yaani huyohuyo Boulengerochromis wangu, ndiye sikilidi mkubwa kuliko wote ziwani, anapita sentimita 60, na chakula chake ni samaki wenzake. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 40, kwa hiyo akikua hata kugeuka hawezi. Kumrudisha ziwani siwezi, samaki wa tangini hubeba magonjwa. Natafuta mwenye bwawa la zege, la lita elfu kadhaa. Mwenye sufuria asinitumie ujumbe, hasa wewe shemeji.

Mzee kaondoka jana. Leo asubuhi kapiga simu, salamu hata hazijaisha: "Mkwe, amefika kilo?"