Jinsia: neno moja, madai mawili

Aprili 16, 2025, majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waliamua kwa kauli moja kwamba "mwanamke" na "jinsia" katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ni suala la maumbile, na kwamba cheti cha kubadili jinsia hakigeuzi maana hiyo. Jaji Hodge, aliyesoma uamuzi, aliwaasa watu wasiuone kuwa ushindi wa kundi moja dhidi ya jingine, kwani sheria hiyohiyo bado inawalinda waliobadili jinsia wasibaguliwe. Hata hivyo, upande unaoshikilia kwamba jinsia ni maumbile ulishangilia, na ule unaosema ni namna mtu anavyojitambua ukaomboleza.

Sisi tunaotumia Kiswahili tunayaingia mabishano haya na neno moja tu. Fomu ikiuliza jinsia, ME au KE, inauliza habari za mwili. Tukisema "usawa wa kijinsia", tunazungumzia hadhi na majukumu ambayo jamii inawagawia watu. Wapo wataalamu waliopendekeza "jinsi" kwa mwili na "jinsia" kwa hayo mengine, lakini matumizi hayo hayajashika. Lugha yetu imetuepusha na ugomvi mmoja, maana "amefika" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Vita vya viwakilishi, kama "he" na "she" vya Kiingereza, havina pa kuanzia, kwa hiyo tunabaki na kiini chenyewe.

Wanaoshikilia maumbile wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Biolojia hutenganisha jinsia kwa seli za uzazi: yai au mbegu, na hakuna ya tatu. Tofauti hiyo inafika hadi kwenye kidonge. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dozi ya kuanzia ya zolpidem, dawa ya usingizi, ishuke kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5. Miili yao huiondoa polepole zaidi, na mtu angeweza kushika usukani asubuhi dawa ingali damuni. Jambo kama hilo huonekana tu pale kumbukumbu za hospitali zinapotaja mwili ulivyo. Katika mbio, wanaume bora huwazidi wanawake bora kwa takriban asilimia 10 hadi 12. Ondoa ukuta kati yao na fainali haitabaki na mwanamke hata mmoja.

Lakini kanuni inayotosha kueleza spishi nzima yaweza kumpungukia mtu mmoja. María José Martínez-Patiño, mkimbiaji wa kuruka viunzi wa Hispania, alikwenda Kobe mwaka 1985 akasahau nyumbani cheti cha kuthibitisha kwamba ni mwanamke. Akapimwa upya, na majibu yakaonyesha kromosomu za XY, ambazo kwa kawaida ni za wanaume. Mwili wake haukuweza kabisa kuitikia testosteroni, homoni ya kiume, hivyo ulikua wa kike, naye alilelewa msichana bila yeyote kushuku. Aliambiwa ajifanye ameumia, akaketi jukwaani akiwatazama wenzake wakikimbia. Habari zilipovuja akapoteza ufadhili na makazi ya wanamichezo, na mchumba wake akamwacha. Aliruhusiwa tena mwaka 1988, miaka yake bora ikiwa imepita. Tangu Septemba 2025 shirikisho la riadha duniani limerudi kwenye kipimo cha jeni, safari hii SRY, jeni inayoanzisha ukuaji wa maumbile ya kiume, kwa kupangusa ndani ya shavu. Wenye hali kama yake wanaachiwa njia, ila lazima kwanza wachunguzwe zaidi.

Hapa ndipo pande zote mbili huchanganya mambo, na inanisikitisha. Huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyoangukia wazi upande mmoja, si sawa na aliyebadili jinsia. Huyu wa pili kwa kawaida mwili wake hauna utata wowote. Dai lake ni kuishi na kutambuliwa kwa namna nyingine. Kumtumia huntha kama ngao ya dai hilo si haki kwake, wala dai lenyewe halihitaji ngao. Argentina ilipitisha sheria mwaka 2012 ya kumruhusu mtu abadili hati zake bila daktari wala hakimu. Mtu mwenye ndevu anayetoa kitambulisho kilichoandikwa KE analazimika kueleza maisha yake kwa kila karani. Kumwondolea adha hiyo hakukanushi biolojia hata kidogo.

Kwa hiyo siikubali amri ya Rais wa Marekani ya Januari 20, 2025, iliyofafanua jinsia tangu kutungwa mimba kisha ikaubeba ufafanuzi huo hadi kwenye pasipoti. Ofisa wa mpakani anatazama uso, hatazami seli za uzazi. Wala sikubali kwamba tamko la mtu litoshe gerezani. Huko Scotland mwaka 2023, mtu aliyepatikana na hatia ya kubaka wanawake wawili kabla ya kuanza kubadili jinsia alipelekwa kwanza gereza la wanawake, kisha akahamishwa upesi kelele zilipopanda. Wanawake waliofungwa mle hawakuwa na pa kukimbilia.

Hospitalini ningetaka mistari miwili kwenye faili: mmoja wa mwili ulivyo, mwingine wa namna mtu anavyotambulika. Mwanamume aliyezaliwa wa kike na bado ana shingo ya kizazi, faili lake likisema ME peke yake, mfumo unaweza usimwite tena kupimwa saratani. Likisema KE peke yake, ataitwa kwa jina la kike mbele ya foleni nzima, na huenda asirudi.