Google, katalogi na mwanafunzi anayeitwa mvivu

Wakutubi wa vyuo vikuu wana lalamiko moja la kudumu: chuo kinalipia majarida kwa fedha za kigeni, halafu mwanafunzi anaingia Google, anachukua kilichotokea juu, basi. Lalamiko hilo lina ukweli wake. Hukumu inayolifuata, kwamba vijana wa sasa ni wavivu, ndiyo inayonitia shaka.

Kwanza, vijana hao si wa sasa. Mwaka 2005, OCLC, ushirika wa maktaba wenye makao Ohio, Marekani, ulitoa ripoti kuhusu watu wanavyozichukulia maktaba. Asilimia 84 ya waliohojiwa walisema huanza kutafuta taarifa kwenye injini za utafutaji. Waliosema huanza kwenye tovuti ya maktaba ni asilimia 1. Waliokuwa vijana wakati ule leo ni watu wazima, na baadhi yao huenda ni wahadhiri.

Pili, uvivu hauelezi kitu. Mtafiti Fred Davis, katika utafiti wake wa 1989 kuhusu kwa nini watu hukubali au hukataa teknolojia, alitaja mambo mawili: mtu anavyoamini chombo kitamfaa katika kazi yake, na anavyoamini hakitamsumbua. Kati ya hayo, manufaa ndiyo yaliyokuwa na nguvu zaidi. Watu huvumilia chombo kigumu kikiwapa wanachokitaka. Kwa hiyo anayeikimbia katalogi, yaani orodha ya maktaba ya kutafutia vitabu, huenda hakimbii ugumu wake. Alishaijaribu ikamtoa mikono mitupu.

Chukua mwanafunzi wa Kiswahili aliye na simu na bando linaloyoyoma. Anafungua katalogi, anachagua kutafuta kwa mada, anaandika “methali”. Hakuna matokeo. Vitabu viko rafuni, tena vingi, ila rekodi zake zinafuata vichwa vya mada, yaani majina rasmi ya mada, vya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako methali zetu zimewekwa chini ya “Proverbs, Swahili”. Nani angeyabuni hayo, na mkato wake katikati? Mwanafunzi hasemi kwamba amekosea kichwa cha mada. Anasema maktaba haina kitu, na rafiki yake akimuuliza, anamwambia hivyo hivyo. Akiandika neno hilo hilo Google, hata akikosea herufi, anapata kurasa kibao.

Hata hivyo, wanaosisitiza mafunzo hawajakosea. Katika utafiti uliochapishwa 2007, Bing Pan na wenzake waliwapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell mwendo wa macho wakati wakitafuta kwa Google. Wengine waligeuziwa mpangilio wa matokeo bila kujua, yale yasiyofaa sana yakapandishwa juu. Bado waliendelea kubofya ya juu. Chombo kikishazoeleka, mtu huacha kukikagua. Na tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika majibu, ilipotoka Novemba 2022, wakutubi wanaletewa rejea zenye mwandishi, mwaka na hata kurasa, za makala ambazo hazijawahi kuandikwa.

Tatizo ni mafunzo yenyewe yanavyotolewa: wiki ya kwanza ya chuo, ukumbi umejaa, projekta inaonyesha orodha ya kanzidata na paswedi zake. Mwanafunzi anapofika kwenye tasnifu, miaka mitatu baadaye, hakumbuki hata moja. Ningeyahamishia hapo kwenye tasnifu, na muda mwingi ningeutumia kumfundisha kupima alichokipata, kwa kuwa kubofya anajua.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, mwaka 2013 iliifunga Omega, injini yake yenyewe ya kutafutia makala, kwa hoja kwamba watu wanatafutia kwingine; nguvu zikaelekezwa kwenye kuwafikishia makala waliyokwisha kuiona. Hoja hiyo naipenda, ila kuiiga nusunusu kutatuumiza. Vyuo vyetu hupata majarida kupitia miungano ya maktaba kama COTUL ya Tanzania na KLISC ya Kenya, au mipango kama Hinari ya Shirika la Afya Duniani. Mwanafunzi aliye nyumbani anaiona makala kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, anadaiwa dola, anafunga ukurasa, hajui kwamba chuo chake kina njia ya kumfikishia bure. Google Scholar inaruhusu maktaba kuunganisha majarida yake ili kiungo chake kitokee pembeni ya matokeo. Ningeanzia hapo kabla ya kununua mfumo mwingine wowote.

Baada ya hapo, kama mfumo unatunza maneno yaliyotafutwa, yasomwe yale yaliyoambulia sifuri. Wakatalogi watasema kuongeza maneno ya mtaani kunavuruga usanifu wa rekodi. Hofu yao si ya bure, lakini MARC, muundo unaotumika kuandika rekodi za katalogi, ina uga (nafasi ya kujazia) wa 653 kwa ajili ya maneno yasiyo rasmi; “methali” inakaa humo na kichwa rasmi kinabaki palepale kwenye uga wa 650. Kikwazo halisi ni watu. Rekodi nyingi hunakiliwa zilivyo kutoka nje kwa sababu wakatalogi ni wachache na marundo ya vitabu yanawasubiri. Ndiyo maana ningewapa kwanza yale maneno yaliyorudisha sifuri mara nyingi zaidi, na vitabu vingine vingoje zamu yake.