Ndugu Anapogeuka Mkalimani

Daktari anasema uvimbe ni saratani. Mgonjwa ni mama kiziwi, na aliyeketi kati yao ni binti yake wa miaka 12, aliyezoea kumfasiria mazungumzo ya kila siku. Safari hii binti anameza mate, kisha anaashiria: daktari anasema utapona.

Wanaotetea ukalimani wa ndugu wana hoja nzito. Ndugu yupo usiku wa manane, na halipwi. Anazijua ishara za nyumbani ambazo kiziwi asiyepata shule amezibuni na familia yake, ishara zinazoweza kumshinda hata mkalimani mwenye cheti. Kisha kuna suala la siri: jamii ya viziwi ni ndogo, na mkalimani wa leo hospitalini kesho mtakutana harusini.

Lakini kujua ishara si kujua kufasiri. Mkalimani aliyehitimu hufikisha yote, hata yanayouma, bila kuongeza wala kupunguza. Anazijua istilahi za tiba au za mahakama. Kazi ikiwa ndefu hupokezana na mwenzake, kwa kawaida kila dakika 20 hivi, maana akili huchoka kabla ya mikono. Na asiyeijua lugha ya alama hawezi kupima ubora huo kwa macho. Desemba 2013, kwenye kumbukumbu ya Nelson Mandela huko Johannesburg, mtu aliyejifanya mkalimani alisimama kando ya marais akipunga mikono isiyosema lolote. Viziwi waliotazama waligundua papo hapo.

Kanuni za Marekani zilizotokana na sheria ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu haziruhusu mtoto afasiri, isipokuwa katika dharura ya kutishia usalama au ustawi wa mtu ambapo hakuna mkalimani mwingine. Mtu mzima anaweza, iwapo kiziwi mwenyewe ameomba, mtu mzima huyo amekubali na hali inafaa. Kwangu mimi mpaka huo umewekwa panapostahili: uamuzi ni wa kiziwi, si wa hospitali inayobana matumizi.

Ukalimani kwa video hupunguza gharama, ila picha ikikwama sentensi nzima hupotea. Kwa kiziwi asiyeona, anayesoma ishara kwa kuzigusa, skrini haina kazi.

Basi swali la mkalimani liulizwe siku ya kupanga miadi, na aulizwe mama. Binti naye akitaka kuja, aje aketi kando yake, na akilia, alie.