Moteri ingoje, tuanze na pon

Sema tu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwamba unataka kufufua Land Cruiser yako ya zamani, utashangaa jinsi kila mtu alivyo na moteri (injini) ya kuuza. Mmoja ameifunika turubai nyuma ya nyumba huko Nyawera, mwingine ana shemeji anayeleta kutoka Dubai, wa tatu anakwambia, "Papa, hii iko na nguvu, utanishukuru." Pon ya nyuma, yaani ekseli yenye meno yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu, hakuna anayeiulizia. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kichwa chini miguu juu. Gari langu mwenyewe, HJ60 ya miaka ya 1980, liko kwenye mpango huo, kwa hiyo sisemi kwa niaba ya mtu.

HJ60 ilitoka kiwandani na moteri ya 2H: mazutu (dizeli), silinda sita, karibu lita 4, haina turbo ya kusukumia hewa, nguvu za farasi kama 103. Lakini hizo ni farasi za usawa wa bahari. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu, hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300. Kwa hesabu hiyo, zinazopanda mlima wa Kadutu hapa mjini ni farasi 88 hivi. Watu husema gari limechoka, kumbe mara nyingi linakosa pumzi tu, na hata hiyo kidogo inazibwa na filta ya hewa ambayo haijafunguliwa tangu gari linunuliwe.

Sasa pon. Nguvu yoyote utakayoiweka mbele lazima ipite humo, na hesabu ya meno ndiyo inayoamua gari lipande vipi. HJ60 nyingi zina 4.11, yaani meno 37 ya kurone (gia kubwa ya ndani ya pon) kwa 9 ya pinyo (gia ndogo inayoizungusha). Nyingine zina 3.70, 37 kwa 10. Huna haja ya kufungua kitu ili ujue uliyonayo. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua yote mawili ya nyuma, toa gia na breki ya mkono, kisha piga alama ya chaki kwenye kardani (mhimili unaoleta nguvu kwenye pon) na kwenye tairi. Wewe zungusha gurudumu la kushoto, mwenzako la kulia, pamoja, mzunguko mmoja kamili. Kardani ikizunguka mara nne na kidogo, ni 4.11. Isipofika nne, ni 3.70. Mkiwa hapo hapo, shika kardani uitikise kwa mkono: ikicheza sana kabla ya kushika, meno au rulma (beringi) zimekwisha, na moteri mpya itakuja kumalizia kazi.

Kuna mtindo wa kubomoa 4.11 na kuweka 3.70 ili gari "likimbie". Nadhani tumeuiga kwa ndugu zetu wa Lubumbashi. Wao wana lami ndefu ya kwenda Likasi na Kolwezi, nchi imenyooka. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 80 hivi, gia ya nne, moteri ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, 4.11 inakupa kama kilometa 91 kwa saa na 3.70 kama 101. Kilometa kumi hizo ninaombwa kuzilipia kwa kupoteza asilimia 10 ya mvuto kwenye gia ya kwanza, katika mji ambao ambuteyaji (msongamano wa magari) inakusimamisha katikati ya mlima na pikipiki tano mbele yako. Na ukiteremka milima ya Ngomo kuelekea Kamanyola, meno ya 4.11 ndiyo yanayosaidia moteri kulishika gari, breki zisiungue. Halafu wanasahau kwamba ukibadilisha nyuma lazima ubadilishe na mbele, la sivyo siku utakapotia kwatro, yaani magurudumu yote manne kuvuta, kwenye ardhi kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana hadi kitu kivunjike.

Anayetaka mwendo atafute bwati (giaboksi) ya gia tano, H55F. Gia yake ya tano ni 0.845. Ukizidisha na 4.11 unapata kama 3.47, gari linakwenda karibu 108 kwa mizunguko ile ile, na gia ya kwanza bado ni nzito ya kupandia. Gari langu lina gia nne, na fedha za kwanza zinakwenda kwenye bwati hiyo pamoja na pon.

Ndani ya pon yenyewe ninabadilisha rulma zote na mipira ya kuzuia mafuta, na kurone na pinyo zikiwa zimeliwa ninanunua jozi, kamwe si moja moja. Hapa ndipo ninapobishana na mafundi wetu, tena kwa heshima zote. Wengi hupanga meno kwa sikio. Nafasi kati ya kurone na pinyo hupimwa kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kama wa saa), milimita 0.15 hadi 0.20, na rangi hupakwa kwenye meno ili kuona yanagusana wapi. Fundi asiyekuwa na saa hiyo hafungui pon yangu, hata awe na miaka mingapi kazini.

Moteri inafuata. Wanaosema mwinuko wetu unataka turbo wana haki, na 12H-T, ndugu wa 2H, hukaa mahali pale pale bila kukatakata chuma. Lakini piese (vipuri) zake utazitafuta hadi uchoke. Mimi ninachagua 1HZ, lita 4.2, farasi karibu 130, bila turbo. Land Cruiser 70 zenye moteri hiyo zimejaa huku Kivu, kila garaji inaijua, filta na gasketi ziko sokoni. Jambo moja: 2H inaendesha kamshafti (mhimili unaofungua vali) kwa gia za chuma, 1HZ kwa mkanda. Mkanda wa moteri ya okazyo (iliyokwisha kutumika) hubadilishwa kabla haijawashwa, kisha kila kilometa 100,000. Muuzaji akikuapia kwamba ni mpya, mshukuru, ununue mwingine.

Radieta na breki ninazihesabu ndani ya bei ya moteri. Asiyeweza kuzilipia pamoja na moteri, abaki na 2H yake.

Malipo ya fundi ninayagawa. Sehemu ya mwisho inatoka baada ya kupanda Kadutu pamoja naye, gari likiwa limebeba magunia, tumesimama katikati ya mlima na kuondoka tena kwa gia ya kwanza.